Chuo Nilichokukatalia

Salha,

Una adabu mbaya wewe. Usishtuke. Miaka yote nimekusifu mbele za watu kwamba mjukuu wangu ana adabu, na leo naandika kinyume chake. Adabu gani hii, mtu kuambiwa "Kile chuo ulichokitaka hakijapiga simu, basi nenda kule kwengine," naye ajibu "Sawa, Nyanya," kisha akateremshe sanduku juu ya kabati aanze kukunja nguo? Hukuuliza hata mara moja, hawajapiga kweli? Hukusema, nipe hiyo simu nitazame. Hukununa. Hukulia, au kama ulilia, ulilia bafuni ukafungulia maji nisisikie. Halafu ukatoka ukaniuliza kama nataka chai!

Hata kuku ukimnyang'anya punje moja hupiga kelele, Salha. Wewe umenyang'anywa gunia zima ukaniuliza habari ya chai.

Sasa soma hapa polepole. Walipiga. Walipiga mara tatu.

Simu yako ilipoibiwa mjini, ulijaza fomu yao kwa namba yangu. Ukaniambia, "Nyanya, wakipiga watu wa Muthangari, nipe niongee nao." Mara ya kwanza walipiga mchana, ulikuwa umekwenda sokoni. Wakasema umekubaliwa, na ada watakusaidia, wanataka tu kujua kama utakuja. Nikasema nitawajibu. Mara ya pili wakapiga ukiwa chumba cha pili unapiga pasi. Nikatoka nje na simu nikazungumza kwa sauti ya chini kama mwizi. Mara ya tatu nikawaambia, "Nakuja mwenyewe." Nikaenda. Nikawaambia huji.

Nimeshaandika. Nilidhani mkono utakataa.

Niko hapa dukani River Road, karatasi iko juu ya meza ya kukatia, nimeswali alasiri, na kanzu ya mtu imelala haina kola kwa sababu yako. Wewe umekwenda kuaga rafiki zako. Ukirudi nyumbani nitakutia barua hii mkononi, kisha nitaingia chumbani. Usinifuate mpaka uimalize. Habari za kula vizuri, kufunga mlango na kuchagua marafiki sikuandikii, hayo umeyasikia mpaka masikio yamefanya sugu. Nataka kukueleza nilivyofanya na kwa nini, na mengine ya kwa nini nayajua leo tu.

Kwetu, watu wakija kuposa, hawajibiwi siku ile. Wanakaribishwa, wanakunywa, wanaambiwa, "Tupeni siku." Zile siku ni za kuulizia. Anatumwa mtu msikitini kwao, je, kijana huonekana alfajiri? Anatumwa mtu kwa jirani, kwa muuza duka. Babake nani, mamake katoka wapi, ukoo wao una nini. Ndivyo nilivyoolewa mimi, ndivyo walivyoolewa dada zangu. Mimi sikusoma, Salha, niliachia darasa la tatu, lakini kuulizia najua. Nikajiambia, chuo nacho kimekuja kuposa. Kinamtaka mtoto wangu akakae kwao miaka minne. Basi kitauliziwa kama wengine.

Nikaanzia chini hapa kwa Kamau wa matbaa. Unamjua kwa maneno yake. Nikamwambia jina la chuo, akasimamisha mashine.

"Shosh, hiyo ni chuo ama ni kanisa?"

"Chuo, Kamau. Kiko Muthangari."

"Mimi nimechapa kalenda ya kila chuo hapa tao, hata zile zilifungwa na polisi. Hiyo haijawahi leta kazi kwangu. Chuo haina hata kalenda? Shosh, hapo umepigwa."

Nikapanda ngazi nimeshika kiuno. Jioni, nyumbani Mountain View, nikamuuliza Mama Nekesa wa mlango wa pili. Alikuwa anaanua nguo.

"Mama Rukia, hiyo sijawahi sikia hata kwa redio. Wanasomesha nini?"

Nikamwambia ulivyonieleza wewe, kwamba mwaka wa kwanza wanasoma historia na hesabu na mashairi na habari za nyota, kazi yenyewe wanachagua baadaye.

"Ati baadaye? Mtoto anaenda college akiwa hajui anasomea nini? Wee! Mpeleke kwa ile kubwa. Cheti yake inajulikana. Si unaona huyu wangu alisoma huko, sasa huu ni mwaka wa tatu anatafuta kazi, na hiyo ni kubwa. Sasa huyo wako na ndogo atafanyaje?"

Unacheka? Mimi sikucheka. Masikio yangu yalichukua ile "cheti yake inajulikana" yakarudi nayo nyumbani, na yale ya mwanawe kutafuta kazi mwaka wa tatu yakabaki pale kambani na nguo. Leo ndiyo nayasikia.

Na mimi mwenyewe nikajisaidia. Nilikumbuka wale watu walikuja mpaka shuleni kwenu kutafuta wanafunzi. Nikasema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikaona nimemaliza. Mtu akishapata methali ya kumsaidia haendi mbali tena.

Lakini nilikuwa nimekwisha kulifanya kosa hili mara moja, tena kwa mamako, na nikalirudia nikilitazama.

Rukia aliposwa na watu wawili katika mwezi mmoja. Mmoja ni babako, mtoto wa watu wa Mombasa, jina lao ukilitaja watu wanasogea wakupe nafasi ya kukaa. Mwengine alikuwa karani wa ofisi hapa mjini, Muislamu wa Mumias, kijana mwembamba, alikuja na mjomba wake mmoja tu. Mamako alimtaka yule wa Mumias. Hakusema, maana nilimlea kama nilivyokulea, lakini siku ile alipopeleka chai vikombe vilikuwa vinagongana kwenye sinia. Mimi nikaulizia. Wa Mombasa kila niliyemuuliza alisema, "Loo! Watu wa fulani? Bahati iliyoje!" Wa Mumias kila niliyemuuliza alisema, "Simjui." Nikakaa na zile "simjui" nikazihesabu kama dhambi zake. Nikamkataa.

Babako simsemi vibaya. Bila yeye wewe hupo, na mkono wake ukipata hutoa. Lakini mamako aliingia nyumba ya watu wengi, kubwa, ya sifa, akawa mle kama kijiko kilichopotea kabatini. Aliugua wiki nzima hakuna aliyejua. Alirudi kwangu wewe ukiwa mgongoni, hujaanza kutembea vizuri. Hakunilaumu. Kabla hajaenda Doha kwenye kazi yake aliniambia kitu kimoja tu, akiwa anafunga kiatu, hata hakuniangalia: "Mama, wale wote uliwauliza juu ya jina. Hakuna uliyemuuliza juu ya mtu."

Nilimwambia asinifundishe. Ndivyo nilivyomuaga mwanangu uwanja wa ndege.

Usidhani nakwambia yule karani alikuwa dhahabu. Sijui. Huenda alikuwa mlevi, huenda alikuwa na mke kwao. Sikwenda Mumias kuuliza, na hilo ndilo linalonikaa kooni mpaka leo. Kama ningekwenda nikakuta ni mbaya, ningelala.

Basi hii ya Muthangari nikasema angalau nitakwenda kwa miguu yangu. Nilivaa buibui jipya. Nikanunua halwa, maana mamangu alinifunza hata posa ukiikataa huendi mikono mitupu. Nilitarajia geti na askari na maghorofa. Nikakuta nyumba ya zamani yenye bustani, vigae vimeota ukungu, na mapazia ambayo upindo wake, wallahi, umeshonwa na mtu aliyefumba macho. Nikafurahi. Nikasema, haya, sababu nimeipata.

Mkuu wao ni mwanamke, Mwalimu Nafula. Alinipokea mwenyewe, akaniuliza nafanya kazi gani na wapi, akaifungua ile halwa pale pale, akaila kwa vidole, akasema nimsubiri amalize darasa au niingie nikae. Nikaingia, nikakaa nyuma karibu na ukuta. Watoto kumi, labda kumi na moja, wameizunguka meza moja, mbele yao ukurasa mmoja wa habari za Nairobi ya zamani. Hakuna ubao. Mwalimu amekaa miongoni mwao kama mgeni. Na mara msichana mmoja, umri wako, anamwambia, "Mwalimu, hapo umekosea."

Nikangoja radi. Mwalimu akasema, "Nionyeshe."

Akaonyeshwa. Akatazama, akasema, "Kweli." Basi. Wakaendelea.

Halafu yule Nafula akanigeukia. "Huyu mama amefanya kazi River Road miaka mingi kuliko umri wenu. Muulizeni." Wakaniuliza, Salha. Watu walikuwa wakilala wapi zamani, nani alikuwa na maduka gani, mafundi wa kanzu walitoka wapi. Nikasema, nikasema, nikasahau nilikuja kufanya nini. Nikawaambia mafundi wote wa kwanza wa mtaa ule walitoka pwani. Yule yule msichana akasema, "Nyanya, samahani, hapa imeandikwa kulikuwa na Wahindi kabla yao."

"Umeandikiwa na nani?" nikamwambia. "Alikuwepo?"

"Hapana. Lakini na wewe, Nyanya, ulikuwepo?"

Wakacheka wote, na mimi nikacheka, na kicheko changu kikanikera. Mtoto asiyenijua ananiambia mbele za watu kwamba sikuwepo! Na kweli sikuwepo. Niliambiwa na mume wangu, naye aliambiwa na bwana mmoja wa duka la nguo.

Tulipobaki wawili na Mwalimu nilimkamata kama ninavyokamata kitambaa, namgeuza ndani nje. Ataswali wapi? Akanionyesha chumba kidogo, mikeka, kuna wasichana wawili wanaoswali hapo. Waliomaliza wako wapi? Nilitaka anitajie mabwana wakubwa. Hakuwataja. Alisema mmoja anafundisha, mmoja ni mkalimani mahakamani, mmoja ameanza biashara ya miche, wawili bado hawajapata kitu na mmoja wao huja kutumia maktaba, na mmoja hapokei simu yake, hawajui yuko wapi, na hilo linamsumbua. Nikamuuliza, na waajiri wanaijua karatasi yenu? Akasema, "Wengi hawaijui, mama. Mtoto wako atalazimika kuieleza kila atakapokwenda. Sitakudanganya."

Nikasimama nikamwambia, "Basi tumeamua. Salha haji."

Unajua alivyonijibu? Alifuta vidole vya halwa, akasema kwa heshima kabisa, "Mama, aliyeomba ni Salha. Akija yeye mwenyewe kuniambia hapana, nitaandika hapana. Nafasi yake nitaiweka mpaka Ijumaa ya wiki ya tatu, saa sita mchana. Baada ya hapo kuna mwengine anayesubiri."

Ijumaa hiyo ni kesho. Saa mbili asubuhi basi lako linaondoka hapa River Road kwenda kule magharibi kwenye chuo kikubwa. Nimekaa na maneno haya siku kumi na sita. Kila siku nilisema nitakwambia baada ya chakula. Tukala. Ukaosha vyombo.

Nilijidanganya kwamba naogopa watu watasema nini. Kamau, Mama Nekesa, dada zangu huko Mombasa: "Mjukuu wa Bi Mwanaisha anasoma wapi?" nami nitaje jina, nao wanyamaze. Hiyo nayo ilikuwemo, siikatai, mimi hupenda watu wasogee. Lakini kilichonitoa pale Muthangari mbio kilikuwa yule msichana. Nilimtazama nikakuona wewe, umerudi likizo, umekaa mezani kwangu, nami nasema jambo, nawe unasema, "Nyanya, hapo umekosea." Nikaona ninakuleta mahali wanapomfunza mtoto kufanya hivyo kila siku mpaka ulimi uzoee. Mimi nimekosea mengi, mwanangu. Ukianza kuyatazama utaanzia kwa mamako, na ukifika hapo utanitazama vipi? Kwenye chuo kikubwa ungejifunza biashara, urudi na cheti na "Sawa, Nyanya" yako ile ile. Ndilo nililolitaka. Astaghfirullah.

Na sasa usichukue aibu yangu ukaifanya sifa ya kile chuo. Ninakuonya kwa sababu nakujua. Utasema, kwa kuwa Nyanya alikosea kukikataa, basi ni kizuri. Ndivyo nilivyoulizia mimi, nusu nusu. Kile ni kidogo mno. Pesa zikiwapungua wanaweza kufunga mlango mwaka wako wa tatu, na hilo sikumuuliza, nilikuwa na haraka ya kukataa. Jina lake utalieleza mpaka mate yakauke. Hayo masomo yao ya kila kitu, mimi sijui kama mtu hutoka na kila kitu au hutoka na vipande. Fundi aliyejifunza kola leo na mfuko kesho na kesho kutwa amehamia viatu, simpi kitambaa changu. Lakini pia nimeona mafundi walioshona suruali maisha yao yote, mitumba ilipojaa wakakaa wakiitazama mashine.

Na kuna wewe. Kule kukubwa utakaa ukumbini na watu mia kadhaa, hakuna atakayekuuliza lolote, utanyamaza miaka minne upate cheti safi. Utapenda, maana kunyamaza unakujua. Pale mezani hapana pa kujificha. Siku ya kwanza watakutazama wote wangoje useme. Linanitia hofu hilo. Huenda ukavunjika. Uliponiletea matokeo yako ya shule ulinionyesha karatasi, hukuyasoma kwa sauti, na yalikuwa mazuri. Mtoto wa namna hiyo anafaa mahali pale kweli, au ataumia? Nimewaza siku kumi na sita na sina jibu. Nilidhani mlezi hulijua hili. Sijui. Ukiniuliza leo nichague, ningechagua tena vibaya, kwa sababu ningechagua kile kisichonitisha mimi.

Umekaa nami tangu ukiwa na mwaka mmoja na sijawahi kukuuliza unataka nini ila kama ni chapati au wali. Kwa hili la Muthangari ulitaka kitu kwa mara ya kwanza ukasema wazi, nikiwa nakata kitambaa. Ulisema, "Nyanya, pale wanasoma kitabu kimoja mpaka wakimalize kukibishania." Macho yako yalikuwa yanawaka. Nikasema, "Sogea, unanizibia taa."

Radhi yangu unayo. Nakuandikia mapema usije ukaitumia kama kisingizio. Unayo ukienda magharibi, unayo ukienda Muthangari, unayo hata ukinikasirikia mwezi mzima, na nina deni la kukasirikiwa. Mamako nitampigia mimi leo nimwambie nilichofanya, kabla hujamwambia wewe. Hilo ni langu.

Lako ni hili. Kesho sanduku libaki nyumbani. Basi la magharibi lipo Jumamosi pia, nimeuliza pale kituoni. Saa tatu uwe mlangoni kwa Mwalimu Nafula, peke yako, mimi siji na Mama Nekesa haji. Sema, "Mimi ndiye Salha." Ingia darasani ukae mezani pamoja nao, usikae nyuma kama mimi, na usitoke mpaka umesema neno moja kwa sauti ya kusikika. Mtafute yule aliyemaliza akakosa kazi, anayekuja maktaba, umuulize yeye, si Mwalimu, kama angerudia. Muulize Mwalimu pesa zikiwaishia itakuwaje, na umtazame usoni akijibu. Kisha, kabla ya saa sita, mpe jibu lako, ndiyo au hapana, kwa kinywa chako. Ndipo uazime simu hapo unipigie, uniambie umeamua nini. Usiniombe ruhusa.

Nyanya yako,
Mwanaisha